Valvu Zilizoota Vichwa

Siku valvu zilipoota vichwa, Gurudumu alirudi nyumbani, akavua kofia ya kazi, akaiweka mezani juu ya mkate, akakaa. Mkewe aliitazama kofia, akautazama mkate, akajua leo kuna jambo. Mumewe alikuwa na makosa yake mengi, lakini chakula alikuwa anakiheshimu.

"Wameshazipachika," akasema Gurudumu.

"Nimesikia."

"Zote! Mpaka ile kubwa ya mvuke. Kila moja imepachikwa dude kichwani, kama sufuria iliyofunikwa kwa sufuria nyingine. Halafu linapumua, mke wangu. Tsss! Nimesimama pale pale, mikono hii hapa, na valvu imefunguka yenyewe kama mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe."

Mama yake Gurudumu, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima walimwita Bibi, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mahali ambapo aliweza kusikia ya ndani na kuona ya nje bila kugeuza shingo.

"Na wewe ukaiangalia tu inafunguka?" akauliza.

"Sasa mama, ningefanya nini?"

"Ungeifunga! Si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa ndiyo kazi yake kweli. Kiwanda kilikuwa cha sabuni, na kwenye chumba cha kuchemshia kulikuwa na matangi marefu, na mabomba yaliyopita juu, chini na katikati ya matangi hayo kama utumbo wa mnyama. Kila palipotakiwa mvuke uingie, au sabuni ya moto itoke, palikuwa na valvu, na kila valvu ilikuwa na gurudumu la chuma la kuzungushwa kwa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wake. Ndiyo maana hakuna aliyemwita tena kwa jina alilozaliwa nalo. Hata Bibi aliyempa jina hilo alikuwa ameshaliacha.

Sasa Meneja alikuwa ameleta vichwa. Mhandisi, kijana mpole mwenye miwani aliyetumwa kuvifunga, aliviita kwa jina refu la kitabuni, lakini wafanyakazi walipoona zile sufuria juu ya valvu walisema hivi ni vichwa, na jina likashika. Ndani ya kichwa mna mpira na springi. Hewa ikija kwa mrija inausukuma mpira, ufito wa valvu unanyanyuka, valvu inafunguka. Hewa ikikatwa, springi inaurudisha ufito chini, valvu inajifunga. Mtu anakaa kwenye kiti, mbali huko, anabonyeza kitufe. Juu kabisa ya kila kichwa pameachwa kigurudumu kidogo kama cha kuchezea mtoto, cha kutumia siku hewa ikikosekana. "Hicho kisiguswe," Mhandisi alisema, "mpaka niseme mimi."

Meneja naye alisema yake. Vichwa vitajaribiwa wiki hii. Vikifanya kazi, Gurudumu hataachishwa, la, kampuni ina utu. Atahamishiwa upakiaji, akafunge sabuni kwenye karatasi. Na msimamizi wa upakiaji, mwenye filimbi shingoni na chumba kizima cha wanawake chini yake, alikuwa ni huyu huyu mwanamke ambaye sasa alikuwa anainyanyua kofia kutoka juu ya mkate.

"Kwa hiyo nitakuwa chini yako," Gurudumu akasema.

"Utakuwa mezani. Wote wako mezani. Mimi napita tu."

"Unapita huku unafoka. Nakusikia mpaka kule kwangu, na mvuke wote ule."

"Nafoka kwa anayestahili."

"Na nitakuitaje, huko kazini?"

"Wenzako wananiita Msimamizi."

"Hata mimi?"

"Ukitaka niite mpenzi, uone watakavyokufanya."

Bibi akacheka, kisha akakumbuka yuko upande wa mwanawe, akaacha.

"Mwanamume kumwomba mkewe ruhusa ya kwenda chooni," akasema akiangalia nje. "Afadhali baba yake hayupo kuyaona haya."

"Mama, hata baba alikuwa anakuomba wewe ruhusa."

"Alikuwa ananiomba nyumbani! Ya nyumbani ni siri."

Msimamizi alikata mkate, akamsogezea mumewe kipande. Gurudumu alikigeuza geuza kama mtu anayetafuta pa kukifungulia, akakirudisha sahanini.

*

Asubuhi ya majaribio, kiwanda kizima kilipata sababu ya kupita karibu na chumba cha kuchemshia. Kati ya chumba hicho na upakiaji palikuwa na wavu tu, kwa hiyo wanawake wa Msimamizi hawakuhitaji hata kusogea. Waliacha meza zao, wakakunja mikono, wakatazama.

Meneja alivaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani. "Haya, Mhandisi. Tuonyeshe."

Mhandisi akabonyeza kitufe. Vichwa vikapumua kwa pamoja, tsss, vikatetemeka kama watu waliomwagiwa maji ya baridi. Basi. Hakuna valvu iliyofunguka. Ndani ya matangi sabuni iliendelea kutokota, haina pa kwenda.

"Ndiyo nini hiyo?" Meneja akauliza.

"Hewa inafika. Umeme upo. Nguvu ya hewa ipo."

"Sikuulizi kilichopo, kijana. Nakuuliza kilichokosekana."

Mhandisi alibonyeza tena, akachungulia mirija, akabonyeza tena. Nyuma ya wavu ulisikika mguno, kisha kicheko kidogo kilichomezwa haraka. Mwisho Meneja akasema, shingo upande, "Mwiteni Gurudumu."

Gurudumu alikuwa amesimama karibu mno kwa mtu wa kuitwa. Alipanda ngazi kwa mwendo wa bwana harusi, akakipapasa kichwa cha kwanza, akashika kile kigurudumu kidogo cha juu.

"Niguse?" akamuuliza Mhandisi kwa heshima iliyozidi kipimo.

"Gusa."

Akazungusha. Akaenda kwenye kichwa cha pili, akazungusha, akaenda cha tatu, mpaka akavimaliza vyote. Mhandisi alipobonyeza kitufe tena, valvu zilifunguka zote kwa mara moja, na sabuni ikashuka kwenye mabomba ikinguruma. Upakiaji wote ukapiga makofi. Kasuku, binti mwenye mdomo mwepesi kuliko wote pale mezani, akapiga kelele, "Shemeji oyee!"

"Zilikuwa zinataka kuzoeshwa," Gurudumu akamweleza Meneja, akijifuta mikono isiyo na uchafu. "Valvu hazipendi mgeni."

"Jana jioni ulivigusa vichwa?" Mhandisi akamuuliza.

"Mimi? Sikuvigusa."

Na alisema kweli, jinsi alivyoijua yeye. Msimamizi alimtazama kupitia wavu, akaona kidevu chake kimenyanyuka kidogo, akatabasamu bila kutaka.

Asubuhi iliyofuata ikawa vile vile. Vichwa vikapumua, vikatetemeka, vikagoma. Mhandisi alibadilisha mirija. Siku iliyofuata akaifungua kompresa ya kusukumia hewa, akaitandaza sakafuni, akaipanga tena, macho mekundu, shati nje. Meneja aliacha kumwita Mhandisi, akaanza kumwita "wewe". Na kila asubuhi, baada ya yote hayo, ilibidi aitwe Gurudumu, apande, azungushe, na valvu zimkubali.

Nyumbani Gurudumu akawa mtu mpya. Alikula, akaongeza, akaongezwa tena. Bibi alihamisha kiti chake kutoka dirishani mpaka mlangoni, ili mpita njia asipite bila habari.

"Mashine mpya kabisa," aliwaambia. "Zimefungwa na msomi. Zinamkataa! Zinasema, mpaka aje mwanangu."

"Zinasema kwa mdomo, Bibi?"

"Zinasema kwa kupumua. Muulize mkwe wangu, anasikia."

Jirani mmoja akaja na cherehani iliyokwama, akaomba Gurudumu aiguse tu. Gurudumu aliigusa. Cherehani haikufanya kitu, lakini jirani alishukuru hata hivyo, akasema imepata nafuu.

*

Waliokuwa hawapati nafuu ni wanawake wa upakiaji. Sabuni ilipochelewa kushuka asubuhi, ilichelewa kuganda, ikachelewa kukatwa, ikachelewa kufika mezani. Nao walilipwa kwa katoni. Wanawake walikaa mbele ya meza tupu, karatasi zao zimepangwa vizuri, wakisikiliza Meneja akifoka upande wa pili.

"Msimamizi," Kasuku akasema, "mwambie shemeji azibembeleze hizo valvu zake usiku kucha basi. Sisi hatulipwi kwa kusubiri."

"Mimi si msimamizi wa valvu."

"Lakini wewe ni msimamizi wa mwenye valvu."

Wakacheka wote, na Msimamizi naye akacheka. Lakini alirudi nyumbani na kicheko hicho kimemkaa kooni. Akaenda uani kuosha vyombo. Bomba la uani lilikuwa na koleo lililofungwa kwa kamba kando yake, kwa sababu Gurudumu akishalifunga bomba hilo, hakuna binadamu mwingine aliyeweza kulifungua kwa vidole. Vifuniko vya chupa vilikuwa hivyo hivyo, na mlango wa bafu, na chupa ya chai, ambayo siku moja ilikataa kufunguka ikabidi wageni wakanywe chai kwa jirani. Msimamizi alilishika koleo, akalibana bomba, akazungusha, maji yakatoka. Akabaki ameshika koleo, maji yanajaza beseni, beseni linafurika, maji yanamlowesha miguu.

Akaingia ndani.

"Hebu niambie. Jioni ukitoka kazini huwa unafanya nini?"

"Nanawa. Naaga. Natoka."

"Unamuaga nani?"

Gurudumu alimshangaa. "Valvu. Kila mtu wa valvu anaaga. Unapita, unaipa kila moja mkazo wa mwisho kidogo, ili usilale na wasiwasi. Ndivyo tulivyofundishwa. Mkono wenyewe unajua, hata sifikiri."

"Na hizi zenye vichwa?"

"Hizi hasa! Springi utaiamini? Napita, nakipa kile kigurudumu cha juu mkazo wa kuaga, natoka." Akajimiminia chai. "Wale wasomi hawajui kuaga. Ndiyo maana hazimpendi."

Msimamizi alifungua mdomo. Kila kitu kilikuwa pale, wazi kama sahani mezani: mkono huu ndio uliokuwa unaukandamiza ufito kila jioni usinyanyuke, na mkono huu huu ndio uliokuwa unaulegeza kila asubuhi kwa makofi. Lakini Gurudumu alikuwa anamsimulia mama yake, kwa mara nyingine, jinsi Meneja alivyomwita "mzee wangu" mbele ya watu, na Bibi alikuwa ameegemea mbele asikose neno. Angeyasema haya, Gurudumu angekuwa mezani kwake wiki ijayo, amefungiwa aproni, na Bibi angerudi dirishani.

Akafunga mdomo. Kesho, akajiambia. Siku moja haiui mtu.

*

Siku hiyo moja ndiyo ambayo Meneja alituma ujumbe upakiaji, kabla hata ya jua kupanda vizuri: Mhandisi anaifungua tena mirija ya hewa, sabuni haitashuka mpaka mchana, vibarua waende nyumbani. Wanawake walivua aproni. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alimuuliza Msimamizi kwa sauti ya chini kama kesho pia itakuwa hivi, maana kama ni hivi ajue mapema, akafue nguo za watu.

"Sijui," Msimamizi akasema, na neno hilo likamchoma kuliko mvuke.

Kasuku alipita mbele yake bila mzaha wowote. Hilo ndilo lililomkata maini. Kasuku hata msibani alikuwa na mzaha.

Hakungoja jioni. Wakati wa mapumziko alimvuta mumewe nyuma ya ghala la katoni.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Unayeziziba valvu. Huo mkazo wako wa kuaga. Unakikaza kigurudumu, ufito haunyanyuki, hewa inasukuma mpaka inachoka. Asubuhi unakilegeza, inafunguka, watu wanakupigia makofi."

Gurudumu akacheka. Akamtazama, akaona yeye hacheki. "Mke wangu, miaka yote hii nimekaza valvu, lini ilishindwa kufunguka?"

"Zile ulikuwa unazifungua wewe uliyezikaza! Nani mwingine angejua?"

"Unaniambia mkono wangu ndio ugonjwa."

"Nakuambia leo usiage. Toka tu. Kesho zikigoma, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya Meneja niseme valvu zinakujua kwa sura."

"Na zisipogoma?"

Msimamizi akaitazama mikono ya mumewe. Gurudumu akaangalia viganja vyake, akavigeuza, akavificha mifukoni. "Sawa," akasema. "Siagi. Kwani kuna nini?"

Kulikuwa na kitu. Zamu ilipoisha, Msimamizi alisimama kwenye mlango wa wavu akamwona mumewe anakuja kati ya matangi, mikono mifukoni, anapiga mluzi wa mtu asiyejali. Alipita valvu ya kwanza. Alipofika ya pili mkono wa kulia ulikuwa umeshatoka mfukoni, unapanda wenyewe kuelekea juu, na yeye mwenyewe anaangalia upande mwingine. Msimamizi akaingia mbio, akaudaka hewani.

"Niachie, watu wanaona!"

"Waone. Twende."

"Unanishikaje kama mtoto?"

"Tembea. Na huo wa kushoto ulete hapa."

Wakatoka hivyo hivyo, wameshikana mikono yote miwili, ubavu kwa ubavu, katikati ya kiwanda, wakipita mbele ya zamu ya usafi iliyokuwa inaingia. Miluzi ikapigwa. Mtu wa boila akavua kofia kwa heshima. Getini mlinzi alisimama akawafungulia lango lote, lile la malori, akasema, "Karibuni sana maharusi, fungate njema." Gurudumu aliinamisha kichwa mpaka nyumbani. Bibi alipowaona kutoka mlangoni alishtuka, akauliza ni nani amekufa.

*

Asubuhi Mhandisi alibonyeza kitufe kwa kidole cha mtu aliyekata tamaa. Tsss. Valvu zote zikafunguka.

Mhandisi hakuamini. Akazifunga, akazifungua tena. Zikatii. Sabuni ikashuka kwa ngurumo, na nyuma ya wavu wanawake wakarudi mbio kwenye meza zao.

Meneja akampa Mhandisi mkono, kisha mkono wa pili juu yake. "Hongera sana! Dawa ilikuwa nini?"

"Nadhani ni kile kichujio nilichoweka jana kwenye mrija wa hewa." Mhandisi alikuwa mkweli, ndiyo maana alisema nadhani, lakini Meneja hakuwa na haja na neno hilo.

"Kichujio!" akawatangazia wote. "Mnaona elimu? Kichujio! Gurudumu, mzee wangu, tunakushukuru, umetusaidia tulipokwama. Sasa tumekwamuka. Jumatatu upakiaji."

Kilichotakiwa pale kilikuwa ni kunyamaza tu. Msimamizi alimwona mumewe kupitia wavu, akamtikisia kichwa: nyamaza, baba, nyamaza. Hakuna aliyejua, hakuna ambaye angejua. Angekwenda upakiaji na heshima yake kamili, mtu aliyezituliza valvu mpaka zikazoea. Lakini aliona mishipa ya shingo yake inatuna, akajua imeshindikana. Gurudumu angeweza kuvumilia kushindwa na mashine. Kushindwa na kichujio, hapana.

"Si kichujio," Gurudumu akasema.

"Unasemaje?"

"Ni mimi. Nilikuwa nakaza vigurudumu jioni, ufito unakaa chini. Jana sikukaza. Kichujio kinaweza kutolewa sasa hivi, kitupwe, valvu zitafunguka vile vile."

Mhandisi alivua miwani. "Nilikuuliza! Nilikuuliza mbele ya watu kama umevigusa!"

"Sikuvigusa. Niliviaga."

Upande wa wavu mtu mmoja akacheka, akapigwa kiwiko. Meneja hakucheka. Alikuwa amebadilika rangi mpaka masikioni.

"Unajua nimeshawapigia simu wakubwa nikasema vichwa ni vibovu? Unajua lori la kuvirudisha limeshaagizwa? Wewe, kwa mkono wako! Nenda kachukue vitu vyako. Si upakiaji, si popote. Nje!" Kisha akageuka, akitafuta wa kumwongezea. "Na kuna mwingine aliyejua upuuzi huu?"

Msimamizi angeweza kuangalia katoni zake. Badala yake alifungua mlango wa wavu, akaingia.

"Mimi. Nilijua juzi jioni."

Nyuma yake wanawake wa upakiaji wakatazamana. Juzi jioni, na jana asubuhi walikuwa wamevuliwa aproni. Hakugeuka. Alijua ni macho gani yaliyokuwa mgongoni mwake, na ya nani yalikuwa makali zaidi.

"Na wewe nje!" Meneja akasema. "Lete filimbi."

Aliivua, akampa. Sabuni ilikuwa imeanza kufika mezani. Leo ilikuwa nyingi, maana ya jana, iliyoshuka mchana Gurudumu alipoitwa, ilikuwa imeganda usiku bila kufungwa, na vipande vilikuja mfululizo, vinasukumana. Wanawake walisimama wanaangalia.

"Tunaanza au tunasubiri?" Kasuku akauliza.

Meneja akaitazama filimbi, akaitia mdomoni, akaipiga kwa nguvu zake zote, mara moja, ndefu.

Wanawake wote wakakaa chini, wakatoa vikombe vyao vya chai.

"Mnafanya nini?"

"Filimbi moja ndefu ni mapumziko, Meneja," Kasuku akasema.

Kipande cha kwanza cha sabuni kikaanguka sakafuni. Cha pili kikakifuata. Meneja akapiga filimbi mbili. Nusu ya wanawake wakaenda kuchukua gundi, nusu wakaenda dirisha la ghala. Akapiga tatu, wakarudi wote kwa mbio, wakajipanga mstari mlangoni, tayari kwa moto. Akaingia mbio upakiaji kuwarudisha, akakanyaga kipande cha sabuni kilicholowa, akasafiri nacho mpaka kwenye rundo la katoni, akakaa. Mhandisi alikimbia kumnyanyua. Koti jeupe lilikuwa limepata mstari wa sabuni ya kijani kutoka begani mpaka chini.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote zilizofanyika kiwandani siku ile.

Meneja alimnyooshea Msimamizi filimbi bila kumtazama. "Jumatatu," akasema, "wote wawili upakiaji."

"Mimi tayari niko upakiaji."

"Basi baki huko! Na yeye umchunge wewe. Mhandisi, vigurudumu vyote vifunikwe kwa bati leo leo."

Msimamizi alivaa filimbi, akarudi upande wake, akapiga mlio mmoja mfupi. Mikono ikaanza kazi. Alipopita kwenye meza ya Kasuku, binti yule alisema bila kunyanyua macho, "Tumekaa kwa sababu ya filimbi, si kwa sababu yako."

"Najua."

"Ungetuambia."

"Ningewaambia. Nilimwonea huruma yeye, nikawasahau nyie."

Kasuku alifunga kipande, akafunga kingine. "Shemeji atatubebea katoni zetu mpaka ghalani," akasema. "Mpaka tuseme basi. Na hatutasema haraka."

"Mtamchosha."

"Ndiyo maana yake."

*

Jumatatu Bibi alimtengenezea mwanawe kola ya shati, akamwambia kichwa juu, akarudi dirishani. Upakiaji walimpa Gurudumu aproni, na kwa kuwa zote zilikuwa za kike, hii ilimfika juu ya magoti, na ilikuwa na mfuko mbele wenye kitambaa cha maua. Wanawake walimwamkia mmoja mmoja kwa adabu kubwa, kila mmoja akihakikisha ameyaona yale maua. Walimkalisha karibu na Kasuku, ambaye alikuwa amekabidhiwa kumfundisha.

"Karatasi hivi, shemeji. Sabuni katikati. Kunja, kunja, geuza, gundi. Picha ya waridi ikae juu, iwe wima."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Alifunga cha kwanza akatoka jasho. Cha pili karatasi ilichanika. Cha tatu kilisimama vizuri, au alidhani kimesimama vizuri. Alikigeuza huku na huku, akakiweka mbele yake, akakitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga.

Msimamizi alikuwa anakuja. Anapita nyuma ya meza kwa mwendo wake ule ule, mkono unachukua kipande hiki, macho yanakigeuza, anakirudisha. Anachukua kile, anakirudisha. Kelele za meza zilipungua bila mtu kuzipunguza. Alifika kwa mumewe. Akakichukua kile kipande chake kimoja, akakigeuza. Waridi lilikuwa limelala ubavu.

Akakitupa kwenye beseni la vilivyokataliwa, akaendelea mbele kuangalia cha Kasuku.

Gurudumu alibaki ameinamia beseni. Akangoja mpaka hatua za mkewe zikafika mwisho wa meza, ndipo akanong'ona, "Binti, huyu mama huwa mkali hivi kila siku?"

"Leo?" Kasuku akasema. "Leo ana furaha, shemeji."

Gurudumu aligeuka kumtazama mkewe, aliyekuwa sasa anamfokea mtu kule mwisho, filimbi inacheza kifuani. Akaingiza mkono kwenye beseni, akakitoa kipande chake, akaichana karatasi, akaanza upya.